Kubadili kioo cha Ms. Pac-Man: kisa cha kabati moja huko Illinois

Mashine yenyewe ni kabati la gemu ya video ya kutumbukiza sarafu, Ms. Pac-Man ya kusimama, toleo la mwaka 1982, kutoka kampuni ya Midway iliyokuwa na kiwanda Franklin Park, pembeni mwa Chicago. Leo iko kwenye besimenti ya nyumba ambayo kwa gari haiko mbali na pale ilipotengenezwa. Mwenye nyumba ni mtu wa Mombasa aliyehamia Illinois na familia yake. Mashine hakuinunua, aliikuta: aliyemuuzia nyumba alishindwa kuipandisha ngazi, akamwachia pamoja na funguo za kimlango cha sarafu. Kwa muda ikawa mahali pa kutundika makoti ya baridi. Kisha watoto wakachomeka waya ukutani, ikalia wimbo wake, na kuanzia hapo baba mtu hakuachwa apumue, kwa sababu sauti ilikuwa safi lakini picha haikutazamika.

Alipopiga simu alikuwa ameshaamua. "Fundi, TV ya ndani ishakufa. Nishanunua flati ya inchi kumi na tisa na ile bodi ya kugeuza ishara. Wewe njoo unifungie tu, chai iko."

Nilikwenda na mita, osiloskopu ndogo (kifaa cha kuonyesha umbo la ishara ya umeme) na mashaka. Katika kazi hii ya makabati ya gemu watu wengi huanza na kioo wanachokitaka, halafu huilazimisha mashine ikikubali kioo hicho. Hapa mambo yalikwenda kinyume: bodi ya mwaka 1982 ndiyo iliyochagua kioo, na kile alichonunua huyu ndugu yangu mwenye nyumba kikarudi dukani kikiwa bado na karatasi zake za kunata.

Picha iliyolala ubavu

Ms. Pac-Man huchezwa kwenye picha ndefu kwenda juu. Monita ya ndani ni ya kawaida kabisa, ya tyubu, inchi 19, ila imelazwa ubavu: juu yake iko kushoto au kulia, na mistari inayochora picha husimama wima. Hili ni jambo dogo linalowapoteza mafundi wa TV. Ukiona picha imejikunja pembeni, mkono unakwenda wenyewe kwenye saketi ya mlalo, ile inayoitandaza picha kushoto na kulia, kumbe kwenye monita iliyolazwa, pembeni ndiko juu na chini. Kabla yangu kulikuwa na mtu aliyepita humo ndani, simjui na wala mwenye nyumba hamjui, maana transista ya mlalo ilikuwa mpya inang'aa na tatizo liko palepale. Picha ilikuwa imejikunja ukingo wa kushoto, na hiyo ni saketi ya wima iliyochoka. Nilipoipima, kapasita zake, vile vipande vidogo vinavyohifadhi chaji, zilikuwa zimekauka.

Kapasita ni ugonjwa wa bei nafuu. Kilichonisumbua zaidi ni rangi. Gemu hii ina majini wanne: Blinky mwekundu, Pinky wa waridi, Inky wa samawati na Sue wa chungwa. Kwenye kioo kile Blinky alikuwa na rangi ya kahawia iliyofifia, Pinky alikuwa karibu sawa na Inky, na Sue alielekea kijani. Maandishi yaliyopaswa kuwa meupe yalikuwa na samawati ndani yake. Mwenye kujua rangi za mwanga ameshafika: ondoa nyekundu kwenye nyeupe, inabaki samawati, ipunguze kwenye waridi, inabaki ile ile ya Inky. Bunduki nyekundu ya tyubu, yaani sehemu inayorusha elektroni za rangi hiyo, ilikuwa dhaifu.

Lakini "ilikuwa dhaifu" haitoshi kuhukumu tyubu. Nyekundu inaweza kupotea kwenye bodi ya gemu, kwenye waya, kwenye saketi ya rangi iliyo shingoni mwa tyubu, au ndani ya tyubu yenyewe. Njia ya haraka ya kutenganisha ni kubadilishana nyaya: ishara ya nyekundu ukaipeleka kwenye njia ya kijani, ya kijani ukaileta kwenye nyekundu. Kama ugonjwa unahama pamoja na ishara, bodi ya gemu ndiyo mgonjwa. Haukuhama. Kisha nikapima volti kwenye pini za shingoni. Za njia zote tatu zilikuwa zinaendana, kwa hiyo saketi ilikuwa inafanya kazi yake na tyubu ndiyo isiyoitika. Ukiongeza mwanga ili kuilazimisha, herufi zilitoa mng'ao wa fedha na kuchuruzika pembeni. Dalili hiyo aliyewahi kutengeneza TV za kichogo haisahau.

Juu ya hayo kulikuwa na kovu. Mashine ikiwa imezimwa, kuta za ramani ya kwanza ya gemu na maneno HIGH SCORE yalionekana kwenye kioo kwa macho, yamechomwa kwenye fosfori, ule unga unaong'aa ndani ya kioo, na miaka ya kuwaka mahali palepale. Kwa kweli Ms. Pac-Man huungua kidogo kuliko ndugu yake, kwa sababu ina ramani nne zinazobadilishana ilhali Pac-Man ya mwaka 1980 ina moja tu. Hii ilikuwa imeungua hata hivyo.

Umeme usiozoea utani

Kabla ya kuchomoa chochote kuna mambo mawili ambayo naomba yasirukwe.

La kwanza ni chaji ya tyubu. Tyubu ya rangi ya ukubwa huu hufanya kazi kwa volti 20,000 hivi au zaidi, na kioo chake huhifadhi chaji hata plagi ikiwa imechomolewa. Huiondoa kwa bisibisi bapa yenye mpini mrefu wa plastiki: unaifunga waya, ncha ya pili ya waya unaibana kwenye ule msuko wa nyaya tupu unaokumbatia mgongo wa tyubu, kisha unaipenyeza chini ya kikombe cha mpira, kile kinachofunika waya wa volti kubwa unapoingia kwenye tyubu, mpaka iguse chuma. Mkono mmoja tu ufanye kazi, mwingine nyuma ya kiuno. Halafu subiri kidogo urudie, kwa kuwa chaji hurejea taratibu bila umeme wowote kuingia. Wanaojua mara ya kwanza tu ndio wanaorushwa na mara ya pili.

La pili linajulikana na wachache. Midway ilitumia monita za Electrohome ya Kanada na za Wells-Gardner ya hapahapa Chicago, na nyingi za wakati ule hazina transfoma ya kuzitenga na umeme wa ukutani. Transfoma hiyo iko chini ya kabati, si kwenye monita. Monita ikiwa ndani ya kabati, hatari hii haipo. Ukiitoa monita ukaiweka mezani na kuichomeka ukutani moja kwa moja, upande wake wa hasi unakuwa umeunganika na laini ya umeme. Ukigusisha klipu ya osiloskopu pale, klipu inalipuka, na pengine osiloskopu pia. Kwa hiyo majaribio yote niliyafanya monita ikiwa inalishwa na transfoma ya kabati.

Nililieleza hili mbele ya watoto kwa makusudi. Mkubwa wao aliuliza kama kuna umeme hata sasa, plagi ikiwa mkononi mwangu. Nilipoutoa chini ya kikombe ukasikika mlio mkavu, na swali likaishia hapo.

Je, tyubu ingeokolewa?

Ningekuwa nimeikuta tyubu nzima ningemwambia afunge pochi. Kapasita mpya, flaibeki (transfoma ya volti kubwa) mpya ikibidi, na mashine inarudi ilivyotoka kiwandani kwa gharama ndogo. Naona watu wanatupa monita nzuri kwa sababu picha imejikunja au fyuzi inakatika, na inanikera. Huo ni ugonjwa wa bodi, tyubu haina habari.

Hapa tyubu ndiyo iliyozeeka. Njia zilizobaki za kuiokoa ni mbili. Kuna kifaa cha kuhuisha bunduki kwa kuipa moto na volti kupita kiasi kwa sekunde chache. Hufanya kazi wakati mwingine, kwa muda, na wakati mwingine huimaliza kabisa. Kwa kovu lililokuwa usoni hakingesaidia chochote. Njia ya pili ni kupandikiza tyubu kutoka TV ya nyumbani. Mafundi wengi wa makabati hufanya hivyo, nami naipenda kazi hiyo: unatafuta TV ya kichogo ya ukubwa uleule, unahakikisha pini za shingoni zinapangika sawa na hita yake ni ya volti zilezile, unapima koili za yoki, ile inayokaa shingoni na kuongoza miale, kuona kama zinalingana na ile ya zamani, na kama hazilingani unahamisha yoki ya zamani kwenye tyubu mpya na kuanza upya kusawazisha rangi kwa zile pete za sumaku. Kazi ya subira. Ukiipata tyubu, lakini.

Hatukuipata. TV za inchi 19 zilizokuwa zimejaa kando ya barabara miaka ya nyuma zimekwisha, na Illinois tangu mwaka 2012 hairuhusu TV wala monita kutupwa jalalani, kwa hiyo nyingi zimepita kwenye vituo vya kurejeleza na kuvunjwa. Mbili tulizozifikia zilikuwa na shingo nyembamba, pini haziingiliani. Tyubu mpya za aina hii hakuna anayetengeneza. Mwenye nyumba alinitazama kwa ile sura ya "nilikwambia," na kwa hapo alikuwa na haki: flati ilikuwa inakuja. Swali likawa ipi.

Ishara kwanza

Ukifungua mlango wa nyuma wa Ms. Pac-Man unakuta bodi kuu ni ya Pac-Man yenyewe. Gemu hii ilianza kama nyongeza iliyobuniwa na vijana wa General Computer Corporation, Massachusetts, wakaiuzia Midway. Bodi ndogo imeunganishwa kwa riboni pale inapokaa prosesa ya Z80, na ukiacha chipu za michoro zilizobadilishwa, kila kingine kimeachwa kama kilivyo. Kwa fundi wa kioo hiyo ni nafuu kubwa, kwa sababu ishara ya picha ni ileile ya Pac-Man na tarakimu zake zinajulikana.

Saa ya pikseli, yaani kasi ya kutoa nukta za picha, ni megahezi 6.144. Kila mstari una nafasi 384, na zinazoonekana ni 288. Kila picha ina mistari 264, inayoonekana ni 224. Gawanya 6,144,000 kwa 384, unapata mistari 16,000 kwa sekunde. Gawanya hiyo kwa 264, unapata picha 60.6 kwa sekunde. TV ya Marekani ya wakati ule ilichora mistari 15,734 kwa sekunde, karibu sana na hapo, ndiyo maana monita za makabati zilikuwa binamu wa TV. Monita za kompyuta nyingi huanza mistari 30,000 hivi. Ukiiunganisha moja kwa moja haioni kitu, inaandika kuwa hakuna ishara na kulala.

Kwa hiyo lazima kuwe na kigeuzi katikati. Bodi ya bei rahisi aliyonunua ndugu yangu inafanya kazi kwa kumeza picha nzima kwenye kumbukumbu kisha kuitoa upya kwa kasi yake yenyewe, picha 60 kwa sekunde. Tatizo liko kwenye ile 0.6. Zinaingia 60.6, zinatoka 60, na moja inaachwa njiani kila baada ya sekunde moja na nusu na ushei. Kwenye gemu yenye mlipuko na fujo usingeona. Kwenye Ms. Pac-Man, ambapo kila kitu kinateleza kwa mwendo mmoja ndani ya ujia mwembamba, unaona mguno mdogo, tena na tena. Tuliijaribu kwa haki, na mtoto wa pili, mwenye miaka tisa, ndiye aliyesema "inakwama-kwama" kabla sijamweleza baba yake hesabu. Kuna pia ucheleweshaji: picha iliyomezwa nzima hutoka baadaye, na kona katika gemu hii hukatwa kwa vijisehemu vya sekunde.

Badala yake tukachukua OSSC, kigeuzi ambacho mchoro wake uko wazi kwa yeyote. Hicho hakingoji picha nzima. Hupokea mstari na kuurudia mara mbili, tatu, hadi tano, papo hapo, na kasi ya picha inayoingia ndiyo inayotoka: 60.6 kwa 60.6. Sharti lake ni moja, nalo ndilo lililoamua kioo: monita iliyo mbele yake lazima ikubali kasi hiyo isiyo ya kawaida na wingi wa mistari inayotoka.

Kioo kilichotokana na hesabu

Mistari 224 mara tano ni 1,120. Kioo cha pikseli 1600 kwa 1200 kinaipokea yote na kubakiza utepe mwembamba mweusi wa mistari 40 kila upande. Monita za namna hiyo zilitengenezwa kwa wingi katikati ya miaka ya 2000 kwa ajili ya maofisi. Tuliyoipata ni Dell 2007FP, inchi 20.1, imetumika, bei ya mkate na maziwa ukilinganisha na ile flati mpya. Uwiano wake ni 4 kwa 3, sawasawa na tyubu.

Kisha likaja jambo lililonifurahisha hata nikalirudia kwenye karatasi. Pikseli moja ya kioo hicho ina milimita 0.255. Mistari 1,120 ni milimita 286. Upande mfupi wa tyubu ya inchi 19 ni milimita 290. Upande mrefu, ukiupa uwiano wa 4 kwa 3, unakuwa milimita 381, na wa tyubu ni 386. Yaani picha mpya inakaa karibu palepale ilipokaa ya zamani, kasoro milimita chache, na kioo ambacho kwa jina ni kikubwa zaidi kinaingia kwenye fremu bila kukata ubao.

Ile ya inchi 19 iliyonunuliwa kwanza ilikuwa ya pikseli 1280 kwa 1024, uwiano wa 5 kwa 4. Juu yake ungelazimika ama kuivuta picha inenepe, ama kuacha utepe na kupoteza ukubwa. Hilo lingevumilika. Lisilovumilika ni aina ya kioo. Ilikuwa TN, aina ya kioo cha flati cha bei rahisi, na kioo cha TN kina udhaifu wa kutazamwa kutoka juu au chini: rangi hugeuka, nyeusi huwa kijivu. Mezani hakuna shida kwa sababu mtu hukaa mbele yake. Ilaze ubavu, na udhaifu wa juu na chini unakuwa wa kushoto na kulia. Mchezaji aliyesimama katikati, jicho lake la kushoto linaona mwanga tofauti na la kulia, na anayesubiri zamu pembeni anaona picha nyingine kabisa. Niliisimamisha wima juu ya meza ya jikoni, nikamwambia ndugu yangu atembee kutoka upande mmoja hadi mwingine. Alifika katikati akasema, "Hii nairudisha kesho." Hiyo Dell huja na kioo cha aina ya IPS au cha PVA, na vyote viwili hutazamika kutoka ubavuni.

Swali moja watu huliuliza sana: je, picha inabidi igeuzwe kwa programu? Hapana. Bodi inatoa ishara ya monita iliyolazwa. Laza flati kama tyubu ilivyolazwa, upande uleule, na kila kitu kinasimama. Ukikosea upande gemu inakuwa kichwa chini, unaigeuza, basi.

Kufunga

Hapa maneno ni machache kwa sababu kazi ilikuwa ya mbao na skrubu. Monita nyingi zina matundu manne mgongoni kwa umbali wa milimita 100, skrubu za M4. Tulifunga kipande cha plaiwudi hapo, plaiwudi tukaishika kwenye pau mbili zilizokaa kwenye vishikio vya tyubu ya zamani. Ubavu wa kabati haukutobolewa hata tundu moja. Lile boksi jeusi la kadi linalozunguka kioo lilikatwa kufuata mbinuko wa tyubu, juu ya kioo bapa linaacha nyufa, kwa hiyo tulikata jipya la bapa na la zamani likahifadhiwa bila kukunjwa.

Ishara ilihitaji uangalifu. Bodi ya Pac-Man hutengeneza rangi kwa ngazi za rezista: omu 1000, 470 na 220 kwa nyekundu na kwa kijani, 470 na 220 kwa bluu. Monita ya kabati ilizoea volti kadhaa, lakini kigeuzi kinatarajia 0.7 kikiwa na mzigo wa omu 75. Ukiipeleka ghafi, rangi zote za mwanga zinajikusanya kwenye nyeupe, na Pinky anapotea tena kwa njia nyingine. Tuliweka trima tatu (rezista ndogo za kurekebishwa), moja kwa kila rangi, na kuzishusha huku nikitazama osiloskopu mpaka kilele kikakaa kwenye 0.7. Ishara ya mpangilio, ile inayokiambia kioo mstari unaanza wapi, hutoka ikiwa na volti karibu 5. Rezista ya omu 470 mfululizo na zile 75 inaishusha kwenye 0.7 hivi. Hakuna waya wa kabati uliokatwa. Tulitengeneza kiunganishi kinachoingia kwenye plagi ileile iliyokuwa ikienda kwenye monita.

Umeme wa flati hatukuutoa kwenye ile laini ya transfoma iliyolisha tyubu. Flati ina pini ya ethi na inaitaka, na laini ile haina. Tuliweka soketi yenye ethi ndani ya kabati, baada ya fyuzi na swichi kuu, ili kila kitu kiwake na kuzimika pamoja. Plagi ya laini ya zamani ilifungwa kizibo na kuandikwa. Na kabla ya kukubali monita yoyote kwa kazi hii, ijaribu hivi: iwashe, chomoa waya, chomeka tena. Ikirudi yenyewe, inafaa. Kuna zinazosubiri kubonyezwa kitufe, na kitufe kikiwa ndani ya kabati lililofungwa hiyo ni adhabu.

Baada ya hapo tukaingia kwenye majaribio ya ndani ya mashine, ambako bodi hutoa mchoro wa miraba, na kurekebisha idadi ya sampuli ambazo kigeuzi huchukua kwa kila mstari mpaka miraba ikaacha kupanuka upande mmoja.

Ilivyo sasa

Blinky ni mwekundu. Pinky na Inky hawafanani. Mwendo ni laini, na kwenye kona sihisi kuchelewa, ingawa nitakuwa muongo nikisema ni tyubu. Weusi wa flati ndani ya besimenti yenye giza una ukungu wa kijivu, kwa hiyo tuliushusha mwanga wa nyuma kupita nilivyodhani ingefaa, na ikawa nzuri. Herufi zina kingo kali mno, tyubu ilizilainisha. OSSC ina uwezo wa kuweka mistari myeusi kati ya mistari ya picha ili kuiga tyubu, na kwenye kioo kilicholazwa mistari hiyo husimama wima kama ilivyokuwa zamani. Mimi naipenda iwe hafifu. Watoto walipiga kura, ikazimwa.

Monita ya zamani haikwenda kwenye kituo cha kurejeleza. Kioo cha mgongo wa tyubu kina risasi ndani yake na hakifai kuvunjwa na mtu asiyejua, lakini sababu yangu ilikuwa nyingine: bodi yake ni nzima. Nilibadilisha kapasita zote, nikasawazisha ile saketi ya wima, na mkunjo ukaondoka. Imebaki bunduki nyekundu na kovu tu. Iko gereji, uso wake chini juu ya blanketi, shingo imevishwa kopo la plastiki ili isigongwe, na nyaya za yoki zimeandikwa ipi inakwenda wapi. Ikipatikana tyubu ya inchi 19 yenye shingo nene, kuchomoa flati ni skrubu nne na plagi mbili. Ndugu yangu anasema hilo halitatokea maishani mwake. Mkubwa wa watoto ameshaniuliza pete za sumaku zinageuzwaje.